Nishani Zilizoshushwa Sudi

Maji yalikuwa yamekupwa, nasi tumesimama kwenye ghuba ya Sudi tukisubiri ngalawa ziingie tupate samaki wa kurudi nao mjini. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mti aliniona nikiangalia upande wa mikoko. Akanyoosha kidole.

"Kule ndani ndiko walikoificha meli ya Mdachi. Walioshusha mzigo ni babu zetu."

Nikamuuliza ulikuwa mzigo gani.

"Mizinga. Mizinga na makasha. Ya ndani ya makasha hawakuambiwa."

Akaendelea na wavu wake.

Niliporudi Mtwara nilianza kutafuta kilichokuwamo kwenye yale makasha. Habari za meli yenyewe zipo. Iliitwa Marie, ikapenya katikati ya manowari za Waingereza zilizokuwa zikilinda pwani yetu, ikaingia Sudi Machi 1916. Waingereza walipoigundua waliipiga mizinga humo humo ghubani, ikaumia, ikazibwa matundu, kisha ikatoroka. Paul von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu, aliitaja shehena yake katika kumbukumbu alizochapisha 1920: mizinga minne ya howitza, mizinga miwili ya milimani, makombora kwa maelfu.

Na nishani.

Msalaba wa Chuma daraja la kwanza kwa nahodha wa Königsberg, ile manowari iliyozamia Rufiji mwaka uliotangulia. Misalaba ya daraja la pili ya kutosha nusu ya mabaharia wake. Daraja la kwanza na la pili kwa Lettow-Vorbeck mwenyewe. Na medali kadhaa za askari Waafrika.

Kwa waliozibeba hakukuwa na kitu.

Orodha hiyo imenikaa kichwani kwa majuma. Nimekuwa nikiamka nayo. Nimebeba mizigo maishani mwangu, ya sokoni na ya msibani, lakini sijawahi kubeba kichwani kasha lenye heshima ya mtu mwingine bila kuambiwa kilichomo.

Msalaba wa buluu

Nishani aliyoipata kamanda kwa meli ya Sudi haikuwa ya juu kabisa. Ya juu ilikuja baadaye, na ndiyo iliyonifanya nisome mpaka usiku wa manane.

Inaitwa Pour le Mérite. Friedrich wa Pili wa Prusia aliianzisha mwaka 1740, mwaka ule ule aliotawazwa, kwa kuigeuza nishani ya zamani ya ukoo wake. Aliipa jina la Kifaransa, lugha ya baraza lake, lenye maana ya "kwa ustahili". Prusia ilipokuja kuwa kichwa cha dola ya Ujerumani, hiyo ndiyo ikawa nishani ya kijeshi ambayo kila afisa aliiota.

Nimeitazama picha yake nikiikuza mpaka ikaanza kufifia. Ni msalaba wenye mikono minne inayopanuka kuelekea nje, rangi ya buluu iliyokolea, kingo za dhahabu. Katika kila pembe, kati ya mkono na mkono, ametua tai wa dhahabu. Mkono wa juu una herufi F na taji. Maneno ya jina yamegawanywa kwenye mikono mitatu iliyobaki, mpaka neno la mwisho limekatwa katikati, nusu kulia na nusu chini. Ulivaliwa shingoni kwa utepe mweusi wenye milia ya fedha. Ni kitu kizuri, lazima niseme hivyo. Aliyekitengeneza alijua kazi yake.

Lakini kilichonishika zaidi ya uzuri ni jinsi mlango wake ulivyokuwa ukifunguliwa na kufungwa.

Mwanzoni hata mtu wa kalamu aliingia. Voltaire alipewa mwaka 1750 alipokuwa mgeni wa mfalme, wakagombana, na alipoondoka 1753 akalazimika kuirudisha. Mwaka 1810 Friedrich Wilhelm wa Tatu akaufunga mlango kwa raia: iwe ya maafisa wa jeshi tu, kwa matendo ya vitani. Miaka mitatu baadaye yakaongezwa majani ya mwaloni, kwa afisa aliyezidi hata kiwango hicho. Mwaka 1842 mfalme aliyefuata, kwa ushauri wa mwanasayansi Alexander von Humboldt, akaufungua mlango wa pili kwa ajili ya wanasayansi na wasanii, Wajerumani 30, na mmoja akifariki wenzake wanamchagua wa kuziba nafasi. Darwin aliingia kwa mlango huo. Einstein aliingia 1923, akajitoa 1933. Käthe Kollwitz, mchoraji, aliingia 1929, wa kwanza kati ya wanawake. Kutoka 1740 mpaka 1929. Hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo ustahili haukuwa kitu kilichokuwa kikimsubiri mtu huko nje mpaka aje kupimwa. Kila mtawala alikaa mezani, akachora mstari, akasema walio upande huu wanaweza kustahili.

Siku tano kabla ya Mahiwa

Lettow-Vorbeck alitunukiwa msalaba huo wa buluu Novemba 1916. Majani ya mwaloni akaongezewa tarehe 10 Oktoba 1917.

Aliyekulia barabara ya Masasi ataona mara moja kwa nini tarehe hiyo ilinishtua. Vita vya Mahiwa vilianza tarehe 15 Oktoba 1917.

Ungedhani majani yale ni ya Mahiwa. Siyo. Yalitolewa siku tano kabla, Ulaya, na watu waliokuwa wakitazama ramani. Kwa Mahiwa yenyewe alipandishwa cheo kuwa jenerali.

Ukitoka Mnazi Mmoja, ukapita Mtama, gari likishavuka Nyangao watu wengi huwa wanatazama hospitali, maana kila familia ya kusini ina mtu aliyewahi kulazwa pale. Mahiwa inapita dirishani, mikorosho na nyumba, na safari inaendelea. Hapo, kwa siku nne, walipigana kwa namna ambayo wanahistoria wa vita wanaihesabu miongoni mwa mapigano mabaya kuliko yote ya Afrika Mashariki. Waingereza walikuwa wamepandisha majeshi yao kutoka Lindi kwa bonde la Lukuledi. Brigedi ya Nigeria ilizungukwa upande wa Mahiwa. Upande wa Uingereza, kati ya wapiganaji wapatao 4,900, waliouawa na kujeruhiwa walifikia kama 2,700. Upande wa Ujerumani walikuwa wapiganaji kama 1,500, wakapoteza zaidi ya 500.

Walioitwa Wajerumani hapo, wengi wao walikuwa watu weusi kama sisi. Walioitwa Waingereza pia.

Lettow-Vorbeck alishinda, na ushindi ukamkausha. Risasi zilikwisha, watu wa kuziba nafasi hawakuwapo. Katikati ya Novemba alikuwa Nambindinga, juu kwenye uwanda wa Makonde, akichagua nani wa kuendelea naye na nani wa kumwacha, wagonjwa na majeruhi wabaki waangukie mikononi mwa adui. Tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Ndani ya majuma hayo hayo Ujerumani ilirusha kutoka Bulgaria chombo kikubwa cha angani, zepelini L 59, kikiwa na tani kama 15 za shehena kwa ajili yake. Kilikuwa kikielekea uwanda wa Makonde. Kilikatisha Libya, kikaingia anga la Sudani, na huko kikaitwa kirudi kwa redio, kwa kuwa huku uwanda ulikuwa umekwisha kuangukia mikononi mwa Waingereza. Kilitembea karibu kilomita 6,800 kwa saa 95 bila kutua. Nikiwa Newala huwa natazama ule ukingo wa mlima, Ruvuma ikiwa chini kabisa, na bado siamini kwamba kuna watu waliokaa wakapanga kutua hapa kutoka mawinguni kwa ajili ya jeshi la mtu mmoja. Hivyo ndivyo dola inavyofanya ikimthamini mtu.

Hesabu ya unga

Sasa wapagazi.

Eneo hili halikuwa na reli kuelekea ndani wala barabara za magari za kutosha, na mbung'o walimaliza farasi na punda. Kila kitu kilipanda kichwani. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa kati ya kilo 25 na 30. Mtu anakunja majani au kitambaa kuwa kata, anaiweka utosini, anainua. Mzinga unafunguliwa vipande, gurudumu linapitishwa kwenye mti, watu wawili mbele na wawili nyuma, njia nyembamba, mvua, mfinyanzi.

Fanya hesabu hii ambayo makamanda wa pande zote mbili walilazimika kuifanya. Mpagazi amebeba kilo 25 za unga. Naye anakula, tuseme kilo moja kwa siku. Baada ya siku 25 amemaliza mzigo wake, na askari aliyekuwa akipelekewa hajaonja kitu. Ukitaka chakula kifike mbali, inabidi uongeze wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi. Ukibana posho yao, mzigo unafika lakini wao hawafiki. Walikufa zaidi kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Uingereza peke yake ilikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu kutoka makoloni yake na kutoka huku ilikokuwa imeshateka. Waliokufa upande wake wanakadiriwa kukaribia laki moja. Upande wa Ujerumani hakuna hata daftari la maana la kuanzia. Kila jeshi lilipopita lilikomba maghala. Njaa ikafuata nyuma yake, na njaa haijaondoka vizuri ikaingia ile homa kubwa ya mafua ya 1918.

Zile takwimu za Mahiwa, 2,700 na 500, ni za watu wenye bunduki.

Ngazi

Nilikaa nikazipanga nishani hizi kwenye karatasi, kutoka juu kwenda chini, kama zilivyokuwa kwenye jeshi moja.

Juu kabisa, Pour le Mérite, kwa maafisa. Katika vita vile vyote ilitolewa mara 687, na majani ya mwaloni mara 122. Sajini wa Kijerumani, hata angeokoa kikosi kizima, hakuweza kuipata. Yeye alikuwa na msalaba wake wa dhahabu, wa watu wa cheo chake. Askari Mwafrika hakuweza kupata wa sajini. Yeye alikuwa na medali yake, iliyotengwa kwa wanajeshi wa makoloni. Mpagazi aliyetembea nyuma ya wote hao, akibeba maji, risasi na machela ya majeruhi, ngazi ilikwisha kabla ya kumfikia.

Na asidhani mtu ninawaandama Wajerumani peke yao. Upande wa pili, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, na Wanigeria wale waliozingirwa Mahiwa walitengewa medali za ushujaa za vikosi vya Kiafrika, mbali na zile za askari Wazungu. Walikuwa wakiuana kwenye mashimo yale yale ya Mahiwa, na maadui hao wawili walikuwa wamekubaliana jambo moja bila hata kukutana.

Hapa ndipo nilipokuwa na hasira kuliko wakati wowote. Nilianza kuandika makala tofauti kabisa na hii. Ilikuwa inadai nishani. Ilikuwa inasema serikali hizo mbili zitengeneze medali ya mpagazi, sasa hivi, ipokelewe na vitukuu wao pale Nyangao mbele ya watu.

Kisha nikakumbuka habari ya ufagio.

Ufagio

Inasimuliwa sana na walioandika juu ya vita hivi. Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai. Ofisi ya muda ikafunguliwa Mwanza. Wazee wapatao 350 wakajitokeza. Wachache tu walikuwa na cheti alichowaandikia kamanda 1918. Wengine walileta vipande vya sare, wengine hawakuwa na chochote. Yule mtu wa benki aliyetumwa na pesa akawa anamwita mzee mmoja mmoja mbele, anampa ufagio, na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Hakuna aliyekosea.

Watu huisimulia habari hii kwa furaha, nami naelewa furaha yake. Mwili ulikumbuka kile ambacho karatasi ilipoteza.

Ila nilipoifikiria zaidi ilinichoma. Mzee wa miaka sabini anasimamishwa juani na kufanyishwa gwaride na ufagio ili aaminiwe kwamba ujana wake ulipotelea pale unapojulikana kupotelea. Na mpagazi je? Angeamriwa nini? Hakuna amri ya Kijerumani ya kuthibitisha kwamba ulibeba unga. Kila mtu wa kusini amewahi kubeba unga.

Hivyo hata siku deni lilipokumbukwa, njia ya kulithibitisha ilikuwa imeshawaacha nje.

Swali la bibi

Nilikwenda Mtama kumsalimia bibi. Baba yake na kaka wa baba yake walichukuliwa wakati wa vita ile, jambo ambalo nimelisikia tangu utotoni bila kuliuliza vizuri. Safari hii niliuliza.

Alisema mtama ulikuwa unaiva. Vijana hao wawili walikuwa juu ya dungu wakifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Wakaja watu wenye bunduki, wakawaambia washuke. Kaka mkubwa alichelewa kushuka, akapigwa. Wakafungwa kamba kiunoni, mmoja nyuma ya mwingine, pamoja na wenzao waliotolewa vijiji vya jirani. Baba yake bibi alirudi baada ya mvua mbili, nywele zimenyonyoka. Kaka yake hakurudi. Kaburi halijulikani.

"Lilikuwa jeshi la nani, bibi?"

"La Mdachi au la Mwingereza, baba hakutuambia. Wote walikuwa wakichukua."

Nikamweleza habari ya nishani. Nikamweleza ile makala yangu, kwamba nataka wapagazi nao watunukiwe. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, hana haraka. Kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, watamtunuku kwa kuwa aliwatumikia vizuri?"

Sikuwa na jibu.

"Hakuwatumikia. Walimfunga. Ukimpa medali yao, utakuwa umewasaidia kusema alikwenda mwenyewe."

Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi tangu siku ile. Imenitenganisha na hasira yangu ya kwanza. Nishani hutolewa na mkubwa kwa aliyemtumikia, na mkono unaoitoa ndio unaosema tendo lilikuwa nini. Friedrich aliweza kumpa Voltaire na akaweza kumnyang'anya. Mtu wa juu ya dungu akiingizwa kwenye ngazi ile, hata kwenye kidato cha chini kabisa, hata baada ya miaka mia, vita vile vinakuwa vyake. Na havikuwa vyake. Miaka kumi tu nyuma yake nchi hii ya Lindi, Kilwa, Liwale mpaka Masasi ilikuwa imetoka kwenye Majimaji, na serikali ile ile iliyoitandika ndiyo iliyorudi kuomba vichwa vya kubebea mizigo.

Lakini bado kuna upande wa pili wa shilingi ambao sikuweza kuuacha. Bibi hataki medali, ila alipomaliza kusema alilitaja jina la baba yake mkubwa. Alilitaja lote: la utotoni, lile alilopewa jandoni, na jina la ukoo wa mama. Akanitazama kuona kama nimeandika.

Jina la Boheti

Kuna mtu mmoja wa enzi hizo, huku huku, ambaye jina lake lilisalia.

Kati ya 1909 na 1913, kabla tu ya vita, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Mifupa ilibebwa kichwani mpaka bandarini Lindi, safari ya siku kadhaa, tena na tena, zaidi ya tani mia mbili. Mnyama mkubwa kuliko wote yuko Berlin, ameunganishwa, amesimama, watu wanalipa kiingilio kumwona. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Wataalamu waliokuwa naye waliliandika jina lake kwenye ripoti zao, kwa sababu walimtegemea. Kazi haikwenda bila yeye.

Mwaka 2007 mtaalamu wa Kijerumani alipoichunguza upya mifupa fulani ya shingo kutoka Tendaguru aliona ni ya aina ya peke yake, akaiita Australodocus bohetii. Boheti sasa yumo katika orodha ya viumbe, ambako majina huwa hayafutwi ovyo. Hakuna mfalme aliyemtunuku. Ilitosha kwamba mtu alikuwa na kalamu siku ile na aliona aibu kutoliandika.

Waliobeba ile mifupa, wao hawamo. Mstari ulichorwa tena, safari hii chini kidogo ya Boheti.

Anayeilinda leo

Tawi la kijeshi la Pour le Mérite lilikufa pamoja na ufalme Novemba 1918. Tangu hapo halijatolewa tena, na afisa wa mwisho aliyekuwa nayo, Ernst Jünger, alifariki 1998 akiwa na miaka 102. Tawi la sayansi na sanaa lilifufuliwa 1952 na lipo mpaka leo. Mlezi wake ni Rais wa Ujerumani.

Rais huyo, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Majimaji. Nilifuatilia siku ile kwa makini na ninaamini lilikuwa jambo zito kufanywa. Nisingependa mtu alidharau. Ila ofisi hiyo moja inashika vitu viwili: inalea nishani ya Friedrich, yenye orodha za majina ya waliotunukiwa, na inaomba msamaha kwa watu ambao wengi wao haiwezi kuwataja kwa majina.

Kwetu tunajua namna ya kufanya vizuri zaidi. Nenda Naliendele kwenye makaburi ya mashujaa, walipozikwa wanajeshi wetu waliokufia Msumbiji. Kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka mashujaa wake, na pale kuna mahali pa kusimama. Wapagazi wa 1917 hawakuvaa sare ya taifa hili, maana taifa hili halikuwapo. Je, wana siku? Nimejiuliza kama 25 Julai inawatosha na wao, au kama bibi angekataa hata hilo, kwa kuwa shujaa naye ni mtu aliyekwenda. Naegemea kwamba watajwe siku hiyo, lakini watajwe kama walivyokuwa: watu waliotolewa mashambani mwao. Bado sijamshawishi bibi, na inawezekana yeye ndiye mwenye haki.

Daftari

Makala ya kudai medali nimeifuta. Nilichoanza ni daftari.

Lina safu za mambo haya: jina, na kwa kusini maana yake ni majina yote, la kabla ya jando, la baada yake, na la dini kama alisilimu au alibatizwa, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuonekana watatu au watatu wakaonekana mmoja. Kijiji cha siku hizo, ambacho mara nyingi hakipo tena pale tangu watu walipohamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa. Alitolewa wapi: shambani, kisimani, njiani, kwa jumbe. Jeshi gani, kama linajulikana. Alibeba nini. Alirudi au hakurudi. Nani anasema, na yeye aliambiwa na nani.

Safu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Aliyewaona kwa macho hayupo tena. Tunao waliosimuliwa na waliowaona, nao ni wazee wa miaka themanini na tisini, na kila msimu wa mvua tunazika. Nimeshaona jinsi kumbukumbu inavyochanganya Majimaji na vita vya Mahiwa, na hilo silikatai. Naandika kama lilivyosemwa, kisha pembeni naweka tarehe ninazozijua. Asiyejulikana jina naye ataandikwa kwa kijiji na kwa ndugu. "Kaka wa fulani, Mtama, juu ya dungu, hakurudi" ni habari kamili ya mtu.

La baba mkubwa wa bibi limeandikwa. Hapa sitalitoa mpaka ukoo wote ukubali, kwa kuwa wapo wengine wenye haki naye kuliko mimi.

Korosho zikishauzwa na watu wakatulia majumbani, nitaanza Nyangao na Mahiwa, nipande Rondo, kisha nirudi Sudi kwa yule mzee wa wavu, maana nina jibu la swali la makasha na yeye huenda ana majina ya walioyashusha. Kama kwenu Ndanda, Chiponda, Kitangari au Nambindinga kuna mzee anayeijua habari ya mtu mmoja tu aliyetolewa, msiningojee mimi. Daftari la shule linatosha. Muulizeni kwanza majina, mengine yafuate.